Zamu ya Ongiertho

Mkanda naufunga mimi, chini ya mbavu,
juu ya kitovu, bila kubana:
kifuko cha hewa kama chapati iliyovimba
na mrija unaotambaa hadi kwangu, ng'ambo ya kioo.
Tumbo likipanda, mstari unapanda.
Tumbo likishuka, mstari unashuka.
Miaka sita nimewasoma hivyo watu wa Arua,
vilima na mabonde ya kijani kwenye skrini;
sura zao nazisahau kabla ya chai ya saa nne.

Leo ni Mzee Ongiertho, katoka Nebbi na basi la alfajiri.
Yeye Mualur, mimi Mlugbara.
Tunakutana kwenye Kiswahili,
hiki chetu cha soko na kambi, kisichojua kuvaa kanzu:
lala mgongo, mzee, saa umeacha nje? na sarafu?
Ametoa mpaka jino la bandia, akalifunga kwenye leso.

Mashine ina sauti yake, ya bwana fulani wa mbali
aliyerekodiwa mara moja akaenda zake.
Huwa naizima.
Mtu asiambiwe aache kupumua na asiyemjua.

Vuta pumzi. Toa. Vuta. Shika hapo.
Sekunde ya nne mstari ukatetemeka,
ya sita ukaporomoka kama ukuta wa udongo masika.
Picha ikatoka na maini mawili, moja kivuli cha jingine.
Tukarudia. Ya saba.
Tukarudia. Ya tano.
"Binti," akasema toka ndani ya bomba,
"huku hakuna pa kuweka pumzi."

Nje jenereta lilikohoa.
Dizeli iliyobaki nilikuwa naijua kwa lita.
Nikamuuliza, basi tu, alifanya kazi gani enzi za nguvu zake.
"Agwara."
Zile pembe ndefu za mti, zilizovishwa ngozi,
zinazopulizwa ubavuni.
"Yangu ilikuwa na sauti moja. Unapuliza,
halafu unangoja wenzako wapite wote.
Ukiwahi, umeharibu ngoma. Ukichelewa, umeiua."
"Wenzako wangapi?"
"Tisa. Wamebaki wawili."
Akanitajia majina, nami nikayaandika
nyuma ya karatasi ya daktari.

Vuta, mzee. Shika. Sasa ni Udaga.
Jalobo. Thocan.
Yule mfupi wa Pakwach aliyefia Kongo.
Mstari ukalala.

Nani atanielewa? Huko wodini mstari kama huu
ni shuka hadi usoni,
na mimi ndiye niliyeuomba, tena kwa tafadhali.
Mwezi wa tatu Mama Candiru alinyamaza humo ndani,
pumzi ndogo kama ya kifaranga;
nikatoka mbio bila viatu, nikamkuta
anaota, na mate shavuni.
Alinicheka. Mimi bado sijacheka.

Pithua. Ucircan. Ndugu wawili wa Paidha,
mmoja baada ya mwingine.
Ukethi.
Na yule ambaye jina lake mzee mwenyewe kalisahau,
naye nikampa nafasi yake, kimya.

Zamu yako!

Kilima kikapanda kikagonga ukingo wa skrini.

Picha ni safi. Kila mshipa, kila mpaka,
na upande wa kulia kile kitu, kama limau,
kilichotulia kana kwamba nacho kiliambiwa kisitikisike.
Si kazi yangu kusema. Ni ya daktari, Alhamisi.

Alitoka akipapasa leso yake, akitafuta jino.
"Nimepiga vizuri?"
"Hukuwahi, mzee. Hukuchelewa."
Akaondoka ameinua mabega,
mtu aliyetoka kwenye ngoma, si hospitali.

Mkanda bado una joto lake.
Naufuta kwa spiriti, naukaza matundu mawili.
Anayefuata ni mtoto wa Koboko, miaka minane;
mama yake anasema
anajua kupiga mluzi.