Mji Unaoshuka Ngazi

Mchana natengeneza lifti za watu,
grisi kwenye kucha, tochi mdomoni,
nimening'inia ndani ya mashimo ya maghorofa ya Tampere.
Usiku najenga mji usio na lifti hata moja.

Naujenga kwa povu gumu, lile la buluu
la kuzuia baridi isipenye ukutani.
Nalikata kwa waya wa moto; linanung'unika,
linatoa moshi mchungu, nafungua dirisha,
na nyuzi ishirini chini ya sifuri
zinaingia kukagua kazi.
Matofali nayachora moja moja kwa kalamu iliyokauka wino.
Vijiti vya kukorogea kahawa
(naviiba kazini, nakiri)
ndiyo milango, ndiyo sakafu, ndiyo vibao vya maduka.

Kanuni haina msamaha:
kila kipande inchi sita kwa sita,
kila ghorofa inchi tatu kwenda juu,
kila pembe sumaku, ncha ya kaskazini juu.
Ukigeuza moja tu,
paa linaikataa nyumba
kama mkwe asiyetakwa.
Novemba nilizigeuza kumi na mbili.

Chini soko. Juu ya soko, mtaa wa wafua shaba,
kisha hekalu na madaraja ya kamba, kisha mapaa
na njiwa wa udongo, kila mmoja punje ya mchele.
Vilja ndiye msimulizi: yeye ni mvua,
yeye ni walinzi, yeye ni bei ya mkate.
Tuure ni kasisi mlevi. Mimi nalinda lango, sisemi sana.
Aulis ni Korongo, mwizi wa mapaani,
hakuna ukuta usiompa pa kushika.
Aulis mwenyewe ana magurudumu mawili
na mabega ya mpiga makasia.

Alhamisi ile alipiga simu kutoka mlangoni.
"Lifti yenu imekufa."
Nakaa ghorofa ya sita. Mimi, fundi wa lifti!
Mganga hajigangi; tena mkataba ni wa kampuni nyingine,
nikigusa skrubu moja sina kazi.
Tuure akasema, tumbebe.
Simu ikanyamaza. Kisha:
"Mimi si sofa."

Tukautazama mji, miezi mitano ya usiku wangu.
Vilja ndiye aliyeanza. Aliung'oa mnara wa saa,
tak! sumaku zikaachia,
akautia kwenye boksi la ndizi.
Maboksi tisa. Ngazi mia moja na nane. Safari tatu.
Ghorofa ya pili, Bi Hilkka alifungua mlango na gauni la kulalia,
akauliza kama nahama.
"Mji ndio unahama, mama," Tuure akamjibu, anahema.

Chumba cha kufulia, baina ya mashine mbili,
juu ya meza ya kukunjia mashuka, tukaupanga upya.
Haukurudi ulivyokuwa.
Wafua shaba walijikuta juu ya hekalu,
na daraja moja lilivunjika njiani, tukaliacha hivyo:
pengo la inchi nne, paa hadi paa.

Aulis alilitazama pengo lile muda mrefu.
Mashine ya Bi nani sijui ikaanza kukamua,
meza ikatetemeka, njiwa wakaanguka wote.
"Korongo anaruka."
"Ukikosa," akasema Vilja, "chini ni ghorofa nne."
"Najua. Nimeziona zikishuka."

Dadu ya nyuso ishirini ikabiringika,
ikavuka soko, ikagonga kisima,
ikadondoka, ikaingia chini ya mashine.

Tukalala kifudifudi kwenye vigae, sisi watatu,
na yeye juu yetu, mikono kwenye magurudumu:
"Ngapi? Jamani, ngapi?"

Niliiona wa kwanza.
Tochi ilikuwa mdomoni.