Kabla Hujachora Mlango

Bwana Ngailo, kabla hujachora mlango
njoo Uwemba mwezi wa saba,
alfajiri, sakitu ikiwa bado juu ya majani ya viazi.
Usije saa nne na gari la halmashauri.
Piga hodi kwa Mama Edigna, usubiri.
Usubiri tena.
Hesabu, kama unavyohesabu tofali,
tangu aitikie "karibu" mpaka komeo litoke:
dakika sita.
Hizo dakika sita ndizo naomba uzichore.

Ramani yako nimeiona ofisi ya kata,
imepigiliwa ukutani kwa misumari miwili.
Nzuri. Mistari imenyooka kama miwati ya kampuni.
Ila mbele umeweka ngazi tatu.
Ngazi tatu, baba!
Mzee Odilo alibandua magome miaka thelathini na mmoja,
akilipwa kwa mzigo,
na goti lake la kushoto alilisahau kule msituni;
daftari la malipo halikuliandika.
Kwake ngazi tatu ni Kipengere yote.

Jiko umelipeleka nyuma
ili moshi usiwasumbue wageni.
Wageni gani?
Lilete katikati, vyumba vilizunguke.
Baridi ya huku haipigi hodi,
inaingia, inakaa kitandani, inavua viatu.
Ukuta uliopashwa na ugali wa jioni
haudai umeme.

Kikaoni walisema: elfu themanini kwa mwezi, kila chumba.
Mwenyekiti akasema hiyo ni bei ya chini.
Mama Theodosia akauliza,
kwa sauti ya mtu aazimaye chumvi,
"Ya chini kuliko nini?"
Wakacheka kidogo, wakaenda ajenda ya nne.
Kwenye muhtasari swali hilo halipo.
Naliweka hapa.

Hesabu yangu nimeipiga nyuma ya mfuko wa mbolea:
madebe mawili ya viazi kila mavuno,
siku ya kuchambua maharage kwa anayeweza kukaa,
mjukuu apasue kuni Jumamosi,
mwenye pensheni atoe cha pensheni,
asiye na mtu aingie na blanketi lake.
Haitoshi. Najua haitoshi.
Pengo lililobaki nimelizungushia duara,
na ndani ya duara nimeandika: serikali.
Kalamu ikaisha wino hapo hapo,
usidhani nimekusudia.

Halafu chumba cha mhudumu wa usiku umekisahau.
Mchana nipo mimi, kaya arobaini na mbili,
begi la vidonge begani, matope hadi kwenye ugoko.
Usiku sipo.
Usiku ndio alioanguka Bi Kandida.
Tulimkuta asubuhi amekumbatia mguu wa meza,
macho makavu, anatuomba radhi
kwa kutusumbua.

Alilea wajukuu saba, yule,
miaka ile majeneza yakipita barabarani
kama magunia ya mahindi.
Wako Dar, wako Mafinga kwenye mbao, mmoja yuko Tunduma.
Wanapiga simu. Simu haigeuzi mtu kitandani.

Usinikasirikie.
Ulisema mama yako yuko Makambako kwa dada yako,
yuko salama.
Sikukuuliza dada yako analala saa ngapi.

Basi chora vyumba vinane vya kuanzia.
Upande wa mashariki acha ukuta wazi,
usiumalizie, hata ukionekana vibaya kwenye picha;
tutaongeza.
Mimi nina miaka arobaini na tisa
na mgongo umeanza kunisemesha.

Mlango uwe sentimita mia, kiti cha magurudumu kipite
bila kukwaruza vidole vya anayekisukuma.
Na komeo usiweke.
Weka kitasa cha kushusha, kinachotii hata kiwiko.
Vidole vya Mama Edigna
tangu masika havifungi ngumi.