Bila Chumvi

Februari, Surquillo. Jua la kiangazi cha Lima
limekaa juu ya paa letu la zege tangu asubuhi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimenunua moyo.

"Wa nani?" Leoncio akauliza kutoka kitini,
akicheka kabla sijajibu, mkono juu ya kifua
pale walipompachika kile kidude cha umeme.
Wa ng'ombe, nikasema. Wako hauuziki.

Kazi yenyewe naijua kwa vidole, si kwa kichwa.
Kisu chembamba. Toa mafuta, toa mishipa,
ule utando mweupe unaoteleza uvute kwa kucha,
kisha kata vipande vya ukubwa wa kiberiti:
vikizidi hapo vitakuwa raba, vikipungua moto utavila.
Pilipili kavu, zile nyekundu zinazokaribia weusi,
loweka, toa mbegu, saga kwenye jiwe
ambalo mama alitoka nalo Chincha kwa basi
amelipakata kama mtoto, kwa nauli ya mtu mmoja.
Kitunguu saumu, vichwa viwili.
Bizari nyembamba ikaangwe kwanza pasipo mafuta
mpaka jirani aulize.
Oregano ya kusugua viganjani. Siki nyekundu.
Halafu

hapo mkono wangu ukasimama hewani.

Daktari ni binti mdogo, ana hereni za lulu.
Ameandika kwa herufi kubwa: chumvi marufuku,
akapiga mstari chini yake mara mbili.
Nikamwambia, mwanangu, kaka yangu huyu
ana miaka sabini na sita, amekula chumvi nyingi.
Akasema: ndiyo maana.

Basi nikaificha kwenye kopo la nyuzi,
chini ya vifungo na sindano, mahali ambapo
hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kutia mkono.
Nikaongeza siki. Nikaongeza pilipili.
Nikakamua malimau mawili, na kwa hilo
mama angenizaba kofi.
Nikafunika bakuli la udongo kwa sahani,
juu ya sahani nikaweka kokoto kubwa,
maana paka wa Bi Hermelinda hana dini.

Usiku joto halikulala, nami sikulala.
Saa nane nikasikia ndara zake ukumbini,
kokoto likiinuliwa taratibu, sahani ikisogea,
kisha kimya kirefu cha mtu anayenusa.
Nilitaka kuamka. Nikageuza mto
upande wenye ubaridi.

Asubuhi kopo la nyuzi lilikuwa mahali pake,
limefungwa vizuri kupita kiasi,
ila uzi wa kijani ulichungulia nje ya mfuniko
kama ulimi.

Nikachovya kidole bakulini.
Alikuwa amepima sawasawa, mwizi yule:
vidole vitatu, na kidogo cha majuto,
kama mama. Kama mama kabisa.
Bakuli lilikuwa mikononi mwangu,
sinki ilikuwa wazi. Nikasimama hapo
mpaka muuza gesi akapita na kengele yake
na kupotea kwenye kona.

Jioni tukawasha mkaa juu ya paa.
Nilifunga maganda ya mahindi yakawa brashi,
nikayachovya kwenye mafuta na masalia ya bakuli,
na kila nilipopaka, moto uliruka ukafoka,
moshi ukaenda kukaa kwenye shuka za Hermelinda.
Leoncio alifungua vifungo viwili vya shati.
"Umetia nini mwaka huu?"
Siki, nikasema.
"Siki tu?"
Siki tu.

Nikampa kijiti kimoja, vipande vitatu,
vile vilivyoungua pembeni anavyovipenda,
na kiazi cha kuchemsha cha kumdanganya tumbo.
Akatafuna amefumba macho. Muda mrefu.
"Siki imezidi," akasema mwongo yule,
akaufuta mdomo kwa mgongo wa kiganja,
na akanyoosha mkono
kuomba kijiti cha pili.