Upande wa Kushoto

Gracjan, mkwe wetu, alileta boksi Jumamosi,
akaliweka juu ya friji, akanywa chai nusu kikombe,
akasema, "Ni rahisi, baba, hata mtoto anaweza,"
akaondoka kabla theluji haijafunika gari lake.
Ndivyo walivyo watu wa ni rahisi:
hawakai kuona.

Leo Jumanne. Una miwani mbili,
moja puani, moja utosini,
na spika mbili nyeupe zimekaa mezani
kama mikate iliyokosa hamira.
Umechomeka ya kwanza. Kitaa cha rangi ya chungwa
kinapepesa, kinapepesa,
kama jicho la abiria asiye na tiketi
anionapo napanda tramu.
Miaka ishirini na saba nimekagua tiketi za Łódź.
Mwenye kuficha jambo namjua kwa kope.

Simu inataka neno la siri la waifai.
Umelala chali chini ya kabati, tochi mdomoni,
unanisomea maandishi ya tumboni mwa ruta:
k ndogo, saba, z kubwa, tisa.
Tisa au sita?
Ukageuza shingo, ruta hukuigeuza.
Mara ya kwanza tukakosea. Ya pili tukakosea.
Ya tatu ukalitukana hilo neno la siri
kwa maneno yasiyo ya siri hata kidogo,
likakubali.

"Chumba hiki kinaitwaje?"
Miaka arobaini humu, hakuna aliyewahi kuuliza.
Ukaandika: Hapa.
Basi, Hapa imeunganishwa.
Hapa inasasishwa, tafadhali usizime umeme.
Hapa, asilimia kumi na nne.
Nikaenda kubandika supu ya bitiruti.

Niliporudi, swali lilikuwa kwenye kioo cha simu:
"Je, umesikia mlio kutoka kushoto?"

Ulinyamaza, Ziemowit.
Wewe uliyepatanisha nyuzi za piano nusu ya mji huu,
uliyeutambua waya uliolegea kwa unywele mmoja
ukiwa bado ngazini, kofia hujavua,
ulisimama, kidole hewani,
nikaona damu inakupanda shingoni.
Kisha ukainama, ukaweka kiganja juu ya spika
kama mtu anayempima mtoto homa,
ukaihisi inatetemeka,
ukabonyeza Ndiyo.

Mwongo.

Halafu ukazihamisha zote mbili kulia kwa kiti chako,
moja juu ya nyingine,
ukaniambia kule dirishani kuna unyevu,
na vitu vya umeme havipendi unyevu.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Lako lilikufa, na mazishini hukunialika.
Lakini unadhani kwa nini, majira matatu ya baridi sasa,
natembea kulia kwako barabarani
hata pale matope ya theluji yanaponiingia viatuni?
Kwa nini nilibadilisha upande wa kitanda
nikasingizia joto la radieta?
Bi Pelagia alipopiga simu kuhusu piano yake,
nani alimwambia umestaafu?
Mimi pia nimepanda bila tiketi.

Nimeichukua spika moja.
Nimeirudisha kushoto, kwenye unyevu wako usiokuwepo,
nikavuta kigoda, nikakaa kando yake.
Hukuuliza kitu. Ulitazama soksi zako.
Ukagusa simu, na muziki ukaja,
fidla kwako, klarineti kwangu,
bila waya kati yetu,
na wewe umefumba macho, unatafuta
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

"Klarineti imekaa mbali," ukasema.

Nikainuka, nikazunguka kiti,
nikakuinamia sikio la kulia:
"Iko kwangu. Ina mafua kidogo, lakini iko."

Ulicheka, au ulikohoa.
Supu ilikuwa imeshaanza kuungua
na hakuna kati yetu
aliyetaka kuwa wa kwanza kuisikia.