Mchekecha Maneno

Tanuri langu liko chini ya ngazi,
jengo la ghorofa tisa, pembezoni mwa Tbilisi,
lenye lifti inayokula sarafu na kukwama ikishiba.
Alfajiri nabandika kinyunya kwenye ukuta wa moto,
mikate inatoka mirefu, imechongoka ncha mbili.

Otari anakaa ya tatu. Guram, ya nne.
Baba mmoja, mama mmoja, mzabibu mmoja
unaopanda toka uani hadi kwenye vibaraza vyao.
Otari anadai shina: ndiye anayelimwagilia.
Guram anadai matawi: kwake ndiko zinakoiva.
Mwaka wa sita huu hawaamkiani.
Wakipishana ngazini kila mmoja hutazama viatu vyake
kana kwamba vimeulizwa swali.

Basi mikate naipeleka mimi.
Na maneno pia.

"Mwambie huyo mwizi," asema Otari,
"majani yake yameniziba jua. Alhamisi nashika msumeno."
Napanda vidato kumi na vinane.
Kwenye cha tano namwacha mwizi.
Kwenye cha kumi nauweka msumeno chini,
polepole, usilie.
Nikibisha kwa Guram nimebaki na jua tu:
"Kaka yako anasema chumbani kwake kuna giza."
Anapokea mkate, unamuunguza, hauachii.
"Giza? Mpaka pale anaposomea gazeti?"
"Mpaka pale."

Najua mtasema huo ni uongo.
Sijaongeza hata punje, nimepunguza.
Unga nao huchekechwa,
na hajanijia mtu bado
kudai pumba zake.

Si kila siku mambo huwa.
Februari nilichekecha vibaya,
neno moja likanisalia kinywani, "mama,"
likatoka vile vile lilivyosemwa,
na Guram akarusha sahani dirishani
ikapasukia juu ya teksi ya Zurab,
mtu asiyehusika na shina wala tawi.
Nikawa na ugomvi wa watu watatu mkononi
na kinyunya kinafura chini, hakina wa kukitazama.
Mikate ya siku ile iliungua.
Niliiuza nusu bei, na walioinunua walinuna.

Halafu Oktoba, Alhamisi,
niko kwenye kidato cha saba, nimebeba mikate miwili
na tusi moja ambalo sijaamua nilitue wapi,
nikasikia mkasi.
Si msumeno. Mkasi.
Guram ameinama kibarazani, anapunguza majani,
na Otari, chini yake, ametoa ndoo nje ya dirisha
anayadaka yanavyoanguka,
hawatazamani.
"Kushoto kidogo," Otari akasema.

Maneno mawili ya kwanza baada ya miaka sita,
na hayakupitia kwangu.

Nilikaa pale pale ngazini,
mikate inapoa mapajani.
Hakuna aliyenishukuru; Guram alidai
amekata kwa sababu ya nyigu.
Haya, nyigu.

Jioni nafunika tanuri, nanawa unga mpaka viwikoni.
Dada yangu Lamara yuko Kutaisi.
Kati yangu na yeye hakuna ngazi.
Simu ni fupi mno: neno likitoka huku
limekwisha fika kule, na mwiba wake.
Mara tatu nimebonyeza namba zake,
mara tatu nimekata kabla haijaita,
mimi, ninayesifiwa jengo zima kwa ulimi wangu.

Leo nimefunga mkate kwenye kitambaa cha marehemu mama,
kile tulichogombania,
nikampa kondakta wa treni ya asubuhi.
"Nimwambie nini?" akaniuliza.
Kipenga kimelia, milango inafungwa,
nami bado nachekecha, nachekecha.

"Mwambie ulitoka huku ukiwa moto."