Chupa Chini ya Sweta

Mimi ni fundi wa mabomba. Sikuitwa kutazama dhahabu.
Niliitwa usiku, Januari, mjini Łódź:
boila ya chuo imegoma,
vioo vya madirisha vimeota majani ya barafu.

Nikamkuta Bogumiła, koti juu ya koti,
akiikodolea chupa ndogo ya maji ya manjano
kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.
"Haiwi," akaniambia. "Nyuzi zangu zinaona baridi."

Nyuzi? Bibi yake alifuma pamba
katika kiwanda cha matofali ng'ambo ya reli;
nilidhani anazungumzia hizo.
La. Hizi hazishikiki kwa kidole.
Kila uzi, alisema, una vipande vitatu:
ncha mbili zinapenda maji, tumbo linayachukia.
Maji yakiwa baridi, tumbo huvumilia,
uzi ukaelea peke yake, kapera asiye na haja.
Yakipata joto, uvumilivu huisha:
matumbo hukimbiliana, yakajificha pamoja katikati,
ncha zikabaki nje, zikiongea na maji kwa adabu.
Kibanda hicho huitwa miseli.

Nikacheka. Maana sisi watu
ni baridi inayotusukuma kwenye jiko moja.

"Na dhahabu?"
Imo, imeyeyuka, chumvi tu, haina fahari.
Hujipenyeza miselini, na nyuzi zenyewe
huipa kila chembe elektroni iliyopungukiwa,
bila kuombwa, bila risiti.
Chembe hushikana na chembe, punje ikaanza,
na kabla haijanenepa nyuzi huivika, zikasema: basi.
Akanionyesha chupa ya juzi, isiyotiwa nyuzi,
aliyoilazimisha kwa dawa kali:
dhahabu ilirundikana hovyo,
ikalala chini, matope meusi.

Pampu ilikuwa imekufa. Kipuri, mpaka kesho.
Nikamweleza. Hakulalamika.
Alikaza kifuniko, akaizungushia chupa skafu,
akaitia chini ya sweta, upande wa mbavu,
akarudi kuandika na glavu zisizo na vidole.
Sijui kama hilo linaruhusiwa.
Nilikuwa na spana mkononi; niliangalia sakafu.

Saa kumi alfajiri akaitoa.
Manjano ilikuwa imekwenda zake.
Palikuwa na wekundu, si wa damu,
wa ule mchuzi wa bitiruti tunaokunywa mkesha wa Krismasi.
"Ni dhahabu hiyo hiyo," alisema,
"ila imekuwa ndogo mno, imesahau rangi yake."
Kisha akapiga chafya, mara tatu,
na chupa akaishika kwa mikono miwili.

Kesho yake nilifunga pampu mpya. Mabomba yakanguruma.
Jioni, nyumbani, zamu yangu ya kuosha vyombo:
tone la mafuta lilielea, sabuni ikalizingira,
nami nikasimama, sahani inachuruzika,
hadi Walentyna akauliza kama nimeona mdudu.

Nikamwambia, ongeza maji ya moto kidogo.