Mkanda wa Pili

Kamera niliikuta Sabasaba, chini ya rundo la viatu.
Elfu thelathini, na muuzaji alidhani imekufa.
Nikafungua mgongo, nikapuliza vumbi, nikabonyeza:
tak.
Sauti ya ulimi wa shangazi akikataa bei.
Nikatoa elfu ishirini na mbili, nikaondoka
kabla naye hajaisikia.

Kipima mwanga kilikufa zamani.
Ndahani, fundi redio wa Chang'ombe,
akaniandikia mgongoni mwa kiberiti:
jua kali, kumi na sita.
Mawingu, nane.
Ndani ya nyumba, omba Mungu.
"Na hapa Dodoma," akasema, "mawingu utayatafuta."

Sponji ya mlango ilikuwa imeoza, inanata vidoleni.
Nikafumua uzi mweusi wa sweta langu la shule
nikaziba mwanya.

Kilichouma ni mkanda.
Mmoja tu, bei ya debe la mahindi,
ulikuja na basi kutoka Dar
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Picha thelathini na sita; nikajifunza ubahili wa macho.
Treni ikapita, sikubonyeza.
Mama muuza zabibu nikamngoja juani
mpaka akasahau kwamba nipo.
Moja.
Mbuzi amelala juu ya kaburi la saruji.
Mbili.
Siku nyingine nilirudi nyumbani na hesabu ile ile.

Mkanda ule ulitoka mtupu.
Haukushika meno; wiki tatu nilikuwa nazungusha hewa.
Debe zima, hata punje.
Ndahani hakucheka.
Alicheka baadaye, alipodhani nimeshavuka barabara.

Wa pili, basi.
Kahawa ya unga, ile chungu ya bei rahisi.
Magadi, haya haya ya mlenda.
Vidonge vya vitamini C nikavitwanga kinuni.
Dawa ya kugandishia nilipewa na Lameck wa eksirei:
hospitali imehamia kompyuta,
madumu yamekaa yakingoja kutupwa.
"Usinywe," akaniambia,
kana kwamba nanukia njaa.

Na giza?
Blanketi dirishani, khanga juu ya blanketi,
bado taa ya jirani ikachungulia.
Saa mbili na robo umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Mimi peke yangu nikasema asante,
vidole vikipapasa mkanda
kama vinavyotafuta mwiba kwenye kisigino cha mtoto.

Dakika kumi na tano nikitikisa kopo.
Chumba kikanuka soksi zilizochemshwa.
Bibi akaja mlangoni kuuliza nimeunguza nini.
Maji ya bomba letu yana chumvi, huacha madoa,
kwa hiyo suuza ya mwisho nikatumia mvua ya Aprili,
lita moja niliyoificha uvunguni.
Nikauanika bafuni kwa vibanio vya nguo,
mbali na vumbi la Agosti,
ambalo halijui neno mbali.

Asubuhi nikamwita Bibi dirishani.
Picha ya kumi na tisa: yeye, asiyependa kupigwa picha,
anachambua karanga, joto limemvua kilemba.
Mkandani kila kitu kimepinduka.
Uso mweupe kama ametumbukia kwenye unga,
kivuli cha ukuta kinang'aa,
na mvi zake zote
nyeusi. Tii.

Akaushika kwa kingo kama nilivyomwelekeza.
Akausogeza kwenye mwanga, akaurudisha,
akausogeza tena.
"Karatasi za kusafishia ni ghali?"
Ghali, Bibi. Lakini nikiuza kuku nitanunua,
nikusafishe, urudi ulivyo.
"Nilivyo?"
Mkono ukapanda kichwani, ukakaza kilemba.
"Mimi niache humu humu.
Safisha mbuzi."